Sugu Hairithiwi

Siku moja ya soko pale Khayega, Kakamega, mvua ilitufungia ndani ya kibanda cha chai, mimi na watu watatu nisiowajua: mzee mwenye fahali, kijana wa bodaboda, na mama aliyekuja kuuza kuku. Mama alikuwa analalamika kwamba mjukuu wake ameugua malaria mara ya pili mwaka huo huo, ilhali mtoto analala ndani ya neti kila usiku. Hakumaliza kabla majibu hayajaanza kumiminika. Kijana alisema neti za siku hizi ni feki. Zile za kwanza zilikuwa kali, mbu akigusa tu anaanguka. Mzee akatikisa kichwa. "Si feki, mwanangu. Mbu wamezoea dawa." Kibanda kizima kikaona mzee amenena, chai ikaongezwa, na mimi nikanyamaza kwa sababu ya umri wake.

Sinyamazi tena. Majibu hayo mawili nimeyasikia Malava, Mumias na Butere, kwenye matanga, nje ya kanisa, hata katika foleni ya kituo cha afya. La kwanza lina punje ya ukweli. La pili ndilo linalopendwa na watu wote, waliosoma na wasiosoma, na ndilo baya zaidi, kwa kuwa linatufanya watazamaji wa jambo tulilolitenda wenyewe. Mbu hawakuzoea dawa. Waliokuwa wa kufa kwa dawa walikufa, tena kwa mamilioni, na hawakuacha mtoto. Waliobaki ni wale waliozaliwa na kitu kilichowaokoa, na hao ndio wazazi wa mbu wanaolia masikioni mwetu usiku. Kwa maneno mengine, tumefuga mbu wa aina mpya, tukiwachagulia wazazi kwa neti, kizazi baada ya kizazi, bila kujua kwamba tunafuga.

Lugha yenyewe imetuchimbia shimo. Kuzoea ni jambo linalompata mmoja katika maisha yake: mtoto huzoea shule, ndama huzoea kamba, bibi arusi huzoea ugenini. Wasomi nao wakaja na neno lao, usugu, nalo limetoka kwenye sugu ile ile ya kisigino na ya kiganja cha mshika jembe. Ni neno zuri, lakini tazama linachofundisha: ngozi ilikuwa laini, ikasuguliwa, ikajikaza. Sasa, baba yako angelima miaka 40 hadi viganja viwe kama gome la mti, wewe bado ungezaliwa na viganja laini kama vya mtoto wa karani. Sugu hairithiwi. Ule "usugu" wa mbu unarithiwa, kutoka kwa mama na baba, kama rangi ya manyoya ya kuku. Hapo ndipo neno linapotudanganya. Nitaendelea kulitumia kwa kuwa hatuna jingine, lakini msomaji alishike kwa ncha za vidole.

Na ajabu ni kwamba kosa hili tunalikariri shuleni kama kosa. Katika Biolojia ya kidato cha nne, wanafunzi wetu wameandika miaka nenda miaka rudi kwamba Lamarck, Mfaransa aliyedhani shingo ya twiga ilirefuka kwa kujinyoosha, alikosea, na kwamba Darwin alikuwa na hoja bora. Wanapata alama zao. Kisha wanarudi nyumbani na kusema mbu wamezoea dawa, yaani wanamrudisha Lamarck kwa mlango wa jikoni.

Turudi kwenye neti. Dawa iliyopakwa kwenye neti zetu tangu mwanzo ilikuwa ya kundi moja, pairethroidi, ambazo ni mwigo wa kiwandani wa sumu iliyomo katika ua la pareto, zao ambalo Kenya iliwahi kuongoza dunia kwa kulilima. Sumu hiyo hushika mlango mdogo ulio kwenye mishipa ya fahamu ya mbu na kuuzuia usifunge. Mbu hutetemeka, hupooza, hufa. Lakini wapo mbu ambao mlango huo umejengwa tofauti kidogo sana. Herufi moja tu katika maandishi ya urithi wao imebadilika, na sumu haishiki vizuri. Badiliko hilo lilitambuliwa kwa Anopheles gambiae wa magharibi mwa Kenya na kutangazwa mwaka 2000 na Hilary Ranson na wenzake. Kabla ya hapo, mwaka 1994, John Vulule wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI) na wenzake walikwisha kuonyesha kwamba katika vijiji vya huku magharibi vilivyopewa neti na mapazia yenye dawa ya permethrini, mbu walikuwa wameanza kuistahimili.

Sasa sikiliza jambo ambalo mzee wa Khayega hawezi kulieleza kwa neno lake la kuzoea. Watafiti walirudi kwenye mbu waliokuwa wamehifadhiwa tangu kabla ya majaribio ya neti, wakalikuta badiliko lile lile. Lilikuwepo tayari, kwa wachache mno. Mbu gani huyo aliyeizoea dawa ambayo hajawahi kukutana nayo? Wachache hao walikuwa hawana faida yoyote wakati huo. Neti zilipoenea, kwanza kwa watoto katika kampeni kubwa ya 2006, kisha kwa nyumba zote huku magharibi kuanzia 2011, faida ikaja. Badiliko lililokuwa nadra katika miaka ya 1990 likawa kwa karibu kila Anopheles gambiae wa eneo hili. Ni ungo ule ule wa kupepetea wimbi: ukipepeta, kinachobaki si kwamba kimezoea upepo.

Kijana wa bodaboda naye nimjibu, kwa kuwa shaka yake ni ya haki zaidi. Bidhaa bandia zipo, na neti iliyotoboka au iliyofuliwa mtoni kila wiki na kuanikwa juani hupoteza nguvu. Lakini mbu hawapimwi kwa neti za sokoni. Viluwiluwi hukusanywa vidimbwini, hufugwa hadi wawe mbu, kisha majike hutiwa ndani ya bomba lenye karatasi iliyopakwa dawa kwa kipimo kinachojulikana. Hukaa humo saa 1. Baada ya saa 24 huhesabiwa maiti. Wakifa 98 au zaidi kwa kila 100, dawa inafanya kazi. Wakifa chini ya 90, Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba usugu umethibitishwa. Karatasi hiyo haikupita kwa wakala, haikuona sabuni wala jua, na bado kwa miaka mingi mbu wa magharibi mwa Kenya wameamka na kuruka zao. Ufeki unaweza kuongeza tatizo. Hauwezi kulieleza.

Hapa ndipo mwenye elimu kidogo huingilia: mageuko ya viumbe huchukua mamilioni ya miaka, hayawezi kutokea kati ya Moi na Ruto. Mamilioni ya miaka ya nani? Mageuko hayahesabiwi kwa kalenda ya ukutani, huhesabiwa kwa vizazi. Tuseme kizazi kimoja cha mbu ni wiki tatu, nami najibana. Kati ya kampeni ya 2006 na ile ya 2021 vimepita vizazi zaidi ya 250. Kwa binadamu, ukihesabu miaka 25 kwa kizazi, hiyo ni zaidi ya miaka 6,000: kabla ya Wabantu kufika bonde la Nzoia, kabla ya piramidi za Misri. Na katika vizazi vyote hivyo, kila usiku, mtihani ulikuwa ule ule, na aliyefeli alikufa.

Tena hapa Kakamega tunauharakisha mtihani. Watafiti waliofanya kazi miaka mingi Iguhu, kando ya Mto Yala, akiwemo Yaw Afrane, walionyesha kwamba pale msitu ulipofyekwa, nyumba na vidimbwi hupata joto zaidi, na mbu huhitaji siku pungufu za kusaga damu na kutaga. Msitu wa Kakamega ni kipande pekee cha maana cha msitu wa mvua wa aina ya Kongo kilichobaki Kenya, na kingo zake tumezila hadi Malava na Kisere zimekuwa visiwa. Juu ya hayo kuna mashimo. Tangu watu wakimbilie dhahabu hapa mwaka 1931, tumechimba na kuacha. Tunachimba udongo wa matofali na kuacha. Tunachimba mitaro ya mashamba ya bondeni na kuacha. Mashimo ya dhahabu yaliyotelekezwa ni miongoni mwa mazalio ya mbu ambayo watafiti huyataja kila mara wanapoandika kuhusu Iguhu. Mlima sukuma wiki na nyanya kando ya kijito naye hunyunyizia dawa za jamii ile ile iliyo kwenye neti, na mvua huzishusha kidimbwini. Kiluwiluwi hufanya mtihani wa kwanza kabla hata hajaota mabawa.

Wapo watakaoacha kusoma kwa sababu nimetaja mageuko. Najua ninakoishi. Neno hilo likitamkwa, mtu huuliza kama sisi tulitoka kwa nyani, mbona kima wa msituni Isecheno hawajageuka kuwa watu. Ni utani wa zamani na sina ugomvi nao. Wala sikuombi umkane Adamu. Nakuomba utazame mambo unayoyafanya kwa mikono yako. Yule mzee mwenye fahali, kabla hajalipa hata shilingi, angeuliza baba wa ndama alikuwa nani, alipigana katika uwanja wa Shinyalu au wa Malinya, na aliwahi kukimbia au la. Hangesema fahali "amezoea" kupigana tangu tumboni. Anajua ujasiri na mabega hupita katika damu. Bibi yangu alichagua mahindi ya mbegu akayatundika juu ya jiko, kwenye moshi, na yale madogo yakaenda kwenye sufuria. Watu wa ukanda huu walilifanya gugu la mwituni kuwa wimbi kwa njia hiyo hiyo, maelfu ya miaka kabla ya mtu yeyote kuzaliwa na jina Darwin. Tunachokataa ni kuukubali mkono wetu pale ambapo haukukusudia.

Nitoe ushahidi ulio na nguvu kuliko wote, nao uko Malawi. Klorokwini ilikuwa dawa ya malaria ya kila nyumba Afrika Mashariki. Vimelea vinavyoishinda viliingia kwetu mwishoni mwa miaka ya 1970, vya nasaba iliyoanzia Asia ya Kusini-Mashariki. Kwa hiyo vimelea vya kwetu havikukaa vikaizoea, vilifika vikiwa tayari vimeumbika hivyo, vikapata bara zima linalomeza klorokwini na kuviondolea washindani. Kenya iliiacha mwaka 1998 na kuchukua dawa za jamii ya Fansidar, nayo ikachoka upesi, hadi mwaka 2004 ilipoamuliwa kwenda kwenye dawa mseto zenye artemisinini. Malawi ilikuwa imeiacha klorokwini mapema zaidi, 1993. Kisha likatokea jambo lisilotazamiwa. Mwaka 1992 vimelea vyenye alama ya usugu vilikuwa asilimia 85. Kufikia 2000 vilikuwa asilimia 13. Mwaka 2006 yakatangazwa matokeo ya jaribio lililofanyika Blantyre: kati ya watoto 80 waliotibiwa kwa klorokwini, dawa ilishindwa kwa mmoja tu.

Waambie wenye hoja ya kuzoea wakueleze hilo. Je, vimelea vilisahau? Kimelea hakina kumbukumbu. Ni kwamba usugu una gharama: kimelea chenye badiliko la kuishinda klorokwini huwa dhaifu kidogo mahali pasipo na klorokwini. Dawa ilipoondoka, vile vya kawaida vilivyokuwa vimebaki vichache vilizaana kuvipita. Tulipobadilisha mtihani, waliofaulu wakabadilika. Hiyo ndiyo maana ya kusema kwamba mkono wetu unaongoza mageuko: unaweza kuyapeleka, na mara nyingine unaweza kuyarudisha. Anayeamini katika kuzoea hawezi hata kuwaza kurudisha, na ndiyo sababu nasema imani yake ina madhara.

Tena saa hii hatari iko mlangoni. Mwaka 2020 ilitangazwa Rwanda, na mwaka uliofuata kaskazini mwa Uganda, kwamba vimelea vinavyochelewa kufa kwa artemisinini vimezuka hapa hapa Afrika, bila kusafiri kutoka Asia. Kutoka Kakamega hadi mpaka wa Busia ni safari fupi ya matatu, na kimelea hakihitaji hata pasi. Dawa mseto ziliundwa kwa hesabu rahisi: kimelea kimoja kuwa na bahati ya kuzishinda dawa mbili kwa pamoja ni jambo gumu mno. Hesabu hiyo huvurugika mama anapogawa dozi ya mtoto mmoja kwa watoto watatu. Simlaumu, bei ninaijua. Namlaumu anayemwambia kwamba vimelea vitazoea tu hata ufanyeje.

Shambani ni hadithi ile ile. Viwavijeshi vamizi vilipoingia Kenya mwaka 2017, watu walinyunyiza kila kilichokuwa kwenye chupa. Serikali ilipoondoa marufuku ya vyakula vya GMO mnamo Oktoba 2022, mabishano yakawaka, yakafika mahakamani, na pande zote mbili zikabishana kuhusu mambo ya pembeni. Upande mmoja ulisema mahindi ya GMO yatatupa saratani, mwingine ukasema yatamaliza wadudu. Sikumsikia mtu akiuliza swali la mfugaji: tutakuwa tunafuga kiwavi gani? Jibu lipo. Afrika Kusini ilianza kulima mahindi yenye sumu ya kuua funza wa bua mwaka 1998, na kufikia 2007 iliripotiwa kwamba funza wa jamii ya huku kwetu, Busseola fusca, wanayala bila wasiwasi. Puerto Rico viwavijeshi viliyashinda mahindi ya aina nyingine ya sumu katika miaka mitatu hivi. Kinga inajulikana: kila mkulima aache sehemu ya mahindi ya kawaida, ili wadudu wasio na usugu waendelee kuzaliwa na kuoana na wale wachache wenye nao. Nionyeshe mwenye robo ekari Lurambi atakayetenga mistari ya mahindi kwa ajili ya kulisha funza. Kama mpango haujamfikiria huyo, si mpango. Ndiyo maana mimi navutiwa zaidi na kilimo cha vuta-sukuma cha icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, kule Mbita, ambapo desmodiamu katikati ya mahindi humfukuza funza na kulidhoofisha gugu la kayongo, na majani ya nepia pembeni humvuta: mdudu anakabiliwa na mambo kadhaa kwa wakati mmoja, si na sumu moja msimu hata msimu.

Mifano ya mbali ipo tele na sitakaa nayo. Gorongosa, Msumbiji, vita vya 1977 hadi 1992 viliangamiza sehemu kubwa ya ndovu kwa ajili ya pembe. Ndovu majike wasio na pembe walikuwa asilimia 18.5 kabla, na 50.9 baada. Hakuna ndovu aliyezoea bunduki akazidondosha pembe zake.

Nikiri pia palipo na utata, nisije nikageuka mhubiri. Si kila badiliko ni mageuko. Kandokando ya Kisumu, baada ya neti, Anopheles gambiae walipungua na nafasi yao ikachukuliwa na Anopheles arabiensis, ambaye hunyonya damu ya ng'ombe pia. Hapo ni jirani mmoja ameondoka na mwingine amehamia. Omena tunaokula wamekuwa wadogo, nao hukomaa wakiwa wadogo kuliko walivyokuwa kabla mbuta hajatiwa Ziwa Viktoria na kabla nyavu hazijawa nyingi, lakini ni kiasi gani ni urithi na kiasi gani ni chakula na maji, wataalamu bado wanavutana. Mti wa Prunus africana, unaochunwa gome kwa ajili ya dawa ya tezi dume, umepoteza sehemu ya utajiri wake wa urithi katika misitu yetu iliyovurugwa; huko hakuna aliyechagua chochote, ni upotevu mtupu.

Mwishowe kuna jibu la haraka ambalo huja kutoka pande zote mbili za meza: basi tuache neti. Hapana, na anayesema hivyo kwa kunitaja ananisingizia. Imekadiriwa kwamba kati ya 2000 na 2015 juhudi za kupambana na malaria ziliepusha visa milioni 663 barani Afrika, na asilimia 68 ya hivyo ni kwa sababu ya neti. Neti isiyoua bado ni ukuta. Ninachopinga ni kutumia dawa ya kundi moja, kila mahali, miaka mfululizo, kisha kushangaa. Shirika la Afya Duniani lilikubali mwaka 2017 neti zenye PBO, kitu kinachoziba vimeng'enya ambavyo mbu huvitumia kuivunja sumu, na Machi 2023 likapendekeza zile zenye klorfenapiri, ambayo humshambulia mbu kwa njia nyingine kabisa. Ni habari njema. Lakini kila moja kati ya hizo ni mtihani mpya, na mahali fulani, katika shimo la dhahabu kule Ikolomani, huenda yupo kiluwiluwi aliyezaliwa na jibu lake.

Kwa hiyo ugawaji mwingine wa neti ukifika kijijini kwako, usiishie kuuliza kama ni feki. Uliza dawa iliyomo ni ya kundi gani, ilitumika mara ya mwisho hapa lini, na kama mbu wa Kakamega wamepimwa dhidi yake mwaka huu. Anayegawa asipojua, chukua neti yako, itumie, na umwambie arudi na jibu.